Bodi kwa Baba, Injini kwa Baba Mdogo

Nyumbani, nyuma ya shule ya msingi,
Jumatatu, 14 Januari.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia, na wale mapacha bado hawajakuzidi ujanja. Siku ile uliposema kwenye simu kwamba baridi ya huko inaingia hadi kwenye meno, Mama alicheka, na jioni yake akaanza kukufumia sweta. Sasa amefika kwenye mikono. Sisi huku wazima. Mimi mzima wa mwili, akili ndiyo haitulii, lakini hilo unalijua tangu nikiwa mdogo.

Nimeamua kuandika kwa sababu ukipiga simu Baba hukaa karibu ametega sikio, na haya ninayotaka kukueleza sitaki anisahihishe katikati.

Kwanza, vitunguu vya Mama vimehamia jikoni. Ukisikia hivyo utajua gari la Babu limeguswa.

Wewe ulikuwa umesharudi huko baada ya mazishi ya Babu, siku lilipogawanywa, kwa hiyo ulisimuliwa, na kila upande ukakuletea hadithi yake. Mimi niliona. Nilikuwa nimekaa kizingitini na sketi yangu ya shule. Baba alisema gari limeachwa kwenye gereji yake, basi ni lake. Baba Mdogo akasema yeye ndiye aliyelifanya litembee miaka yote ile, basi ni lake. Wazee walikuwa wamechoka na maneno, na mmoja wao akasema kwa mzaha kwamba mmoja achukue bodi na mwingine injini, watu waende kulala. Ulikuwa mzaha tu, Shangazi. Watu hata walicheka. Lakini asubuhi yake Baba Mdogo alikuja na winchi ya minyororo, akaing'oa injini kwa adabu zote, akafuta mafuta yaliyodondoka sakafuni, akachukua hadi nati zake. Familia nyingine hugombea shamba. Sisi tuligawana gari kama kuku.

Tangu siku hiyo kaka zako hawakuiva chungu kimoja. Kwenye harusi walikaa pande mbili za ukumbi. Injini ikawekwa sebuleni kwa Baba Mdogo, ikafunikwa kitambaa cha kufumwa, televisheni ikapandishwa juu yake. Bodi ikabaki kwetu katikati ya mbao za Baba, na Mama akaona kiti cha nyuma kina hewa nzuri, akaanika vitunguu.

Sasa ni hivi. Tangu nimalize chuo nimeomba kazi mahali pengi na sijaitwa popote. Nakaa chumbani nasoma, nafikiri, nachoka kwa kufikiri. Mchana mmoja nilikwenda gereji kuchukua kitunguu, nikaona kutu imelila gari juu ya gurudumu la mbele. Nikachukua kipande cha msasa cha Baba, nikasugua. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu kitu ambacho nikikisugua kinabadilika. Kutu ikaondoka, chuma kikatokea kikiwa cheupe, na nikahisi kama nimelipwa mshahara.

Siku ya pili Baba alinikuta hapo. Alisimama mlangoni, penseli yake ya useremala sikioni. Akasema unasugua kama mtu anayekuna mwili. Akanionyesha jinsi ya kuzungushia msasa kibao, mkono uende sawasawa. Halafu akakaa upande wa pili akaanza na yeye. Tukasugua mpaka chakula kikawa tayari. Mama alipoona tumefika kwenye buti akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Na vitunguu vyangu navyo mtavisugua?"

Tulifanya kazi hiyo mpaka ikawa ndiyo maisha yetu. Palipotoboka tulikata bati tukaziba, palipobonyea tukajaza puti, tukasugua tena. Rangi nayo tuliipata vizuri. Tulifungua kile kijisanduku cha mbele ya abiria, tukang'oa kifuniko chake, na upande wa ndani, ambako jua halikuwahi kufika, rangi ya Babu ilikuwa ileile, ya maziwa yaliyotiwa tone la chai. Muuza rangi akachanganya mpaka zikafanana.

Kisha Baba akaleta brashi.

Nilimwambia gari halipakwi kwa brashi kama kabati. Akasema makabati yake yote yanang'aa. Tulibishana kutwa nzima, mwisho akakubali kwamba rangi ya gari inapulizwa, na kupuliza kunataka kompresa, na katika mitaa yote hii kompresa anayo fundi magari mmoja tu. Baba akatoka nje kupanga mbao ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Nilikwenda mwenyewe. Baba Mdogo alinisikiliza huku akifuta spana, hakuuliza gari gani. Akasema, "Kompresa yangu haitembei peke yake. Inapokwenda, nakwenda."

Nikamfikishia Baba. "Kompresa karibu," akasema. "Mwenye kompresa atajua pa kusimama."

Shangazi, sijui kama utanielewa nikisema kwamba siku tatu zile za kusubiri Jumamosi nililala vibaya kuliko nilivyolala kabla ya mtihani wangu wa mwisho. Gari nilikuwa sina wasiwasi nalo. Niliogopa kwamba nitawakutanisha kwenye chumba kimoja, watatamkiana neno jingine, na safari hii halitafutika mpaka mmoja wao azikwe na mwingine akae mbali na kaburi. Nilijua nikiharibu, nimeharibu mimi.

Jumamosi tuliosha gereji hadi kuta. Vumbi la mbao ni adui wa rangi mbichi, kwa hiyo tulitoa kila ubao, tukamwagia sakafu maji vumbi lisinyanyuke, tukafunika vioo kwa magazeti. Baba Mdogo akafika anasukuma mashine yake. Akamwamkia Mama, akanisalimia mimi, akaisalimia hata paka. Baba akawa anaangalia dari.

"Mwambie baba yako," akaanza, na Baba yuko hatua mbili tu, "hii puti ya mlangoni imekaa vizuri."

"Mwambie asante," akasema Baba. "Na mwambie amenenepa."

"Mwambie ni furaha ya kutokuonana na watu."

"Mwambie basi leo atakonda."

Nilikuwa nageuza shingo huku na huku, mkalimani wa watu wawili wanaosema lugha moja. Mama alileta chai, akatutazama, akaweka sinia chini. "Jamani," akasema, "mtoto wangu nimemsomesha miaka yote hii mje mumfanye simu ya kukoroga?" Hakuna aliyecheka, lakini niliona mabega ya Baba Mdogo yakitikisika.

Tulikubaliana, kupitia kwangu, kwamba Baba ndiye atakayepuliza kwa kuwa bodi ni yake, na Baba Mdogo atasimamia mashine kwa kuwa mashine ni yake. Tukavaa barakoa. Kompresa ikanguruma. Baba alianza na paa na buti, na nakwambia kweli, ilikuwa raha kuona ile rangi ikitandika kama ukungu juu ya kijivu cha rangi ya chini.

Akafika mlangoni. Pale useremala ukamrudia. Unajua anavyopaka vanishi, anakwenda taratibu, anasubiri ubao unywe. Lakini bati halinywi. Mkono wake ukapungua mwendo, ukakaribia, na rangi ikaanza kujikusanya.

"Mwambie baba yako asikae hapo," Baba Mdogo akasema kwa nguvu.

Nilisikia. Kelele ya mashine ilikuwa kubwa, lakini nilisikia kila neno. Nilifungua mdomo ndani ya barakoa. Halafu nikawaza kwamba nikiupeleka ujumbe huu nitaipeleka na mingine yote mpaka niote mvi. Nikaufunga mdomo. Nikatazama ukuta kama mtu aliyeona kitu cha maana sana ukutani.

"We binti, mwambie avute mkono!"

Ukuta ulikuwa umeoshwa vizuri. Rangi ikaanza kuchuruzika.

Baba Mdogo akaruka mpira wa hewa utokao kwenye kompresa. "Kaka! Usisimame, kaka, tembea. Tembea nayo!"

"Natembea, si unaona?" Baba akajibu bila kugeuka.

"Hutembei, unapaka kabati."

"Basi shika wewe."

"Sishiki, bodi yako hiyo. Rudi nyuma kidogo. Hapo. Hapo hapo, sasa twende, usiache mkono."

Wakaenda. Walilizunguka gari lote hivyo, Baba mbele na bomba la kupulizia rangi, Baba Mdogo begani kwake ameunyanyua mpira usiguse rangi mbichi, wanasukumana maneno bila kupumzika. Hawakunihitaji. Mashine ilipozimwa, gereji ikawa kimya, na nadhani hapo ndipo walipogundua walichofanya, maana kila mmoja alishughulika sana na kuvua glavu. Baba akateremsha barakoa.

"Mlango umeharibika," akasema.

"Utasuguliwa ukikauka," akasema Baba Mdogo. "Tutaurudia."

Mimi nilitoka nje nikanawa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nikacheka peke yangu pale bombani hadi Mama akauliza kama harufu ya tina ya rangi imenipanda kichwani.

Mlango walishaurudia. Injini nayo ilikuja imelala juu ya mkokoteni, Mama Mdogo akitembea ubavuni mwake kama anayemsindikiza bibi harusi. Amefurahi kurudishiwa sebule yake, ila televisheni sasa iko sakafuni na watoto wanaitazama wakiwa wamelala kifudifudi. Injini tumeifunga garini, lakini ukiiwasha inakohoa mara mbili, inazimika. Baba Mdogo anasema bodi imeingiwa na harufu ya vitunguu. Baba anasema injini imezoea tamthilia, haitaki tena kazi. Wanabishana tangu asubuhi mpaka giza, na mimi mtu wa ukimya nimekosa pa kukimbilia. Sijawahi kufurahia kelele kiasi hiki.

Lakini kilichonifanya nikae niandike ni cha jana. Kuna kifaa kimoja cha kupeleka mafuta tumekiagiza na hakijafika, kwa hiyo jana hapakuwa na kazi yoyote ya kufanya kwenye gari. Mchana Baba Mdogo akaja. Shati limepigwa pasi, mikono mitupu. Akasimama mlangoni mwa gereji.

"Umesahau kitu?" Baba akamuuliza.

"Hapana."

"Kompresa?"

"Iko nyumbani."

Baba alimwangalia. Nilikuwa dirishani na kitabu changu, sikuthubutu hata kugeuza ukurasa. Kisha Baba akaisukuma stuli kwa mguu ikaenda upande wake, na Baba Mdogo akaketi. Walikaa hapo wakilitazama gari. Baba akamuuliza habari za masomo ya watoto, akajibiwa. Kisha nikamsikia Baba Mdogo akisema, "Dada akituona hivi atatucheka."

"Atatupiga," Baba akasema.

Wanataka kukwambia, Shangazi, ila kila mmoja anaona aibu kuwa wa kwanza. Baba anasema mdogo wake ndiye aanze, mdogo wake anasema mkubwa ndiye aanze. Kwa hiyo ukipiga Jumapili, baada ya chakula, waite wote wawili kwenye simu moja. Usiulize kwangu wanaendeleaje. Kazi ya kupeleka maneno nimeiacha, na ndiyo kazi ya kwanza maishani niliyoacha kwa hiari yangu.

Mama anakusalimu, anauliza mikono ya sweta iwe mirefu kiasi gani. Mama Mdogo na watoto wake wanakusalimu. Nisalimie mzee wa nyumba hiyo, na mapacha waambie dada yao anawadai barua.

Mungu akulinde na hiyo baridi, akupe usingizi mzuri, na akupitishe salama kwenye barafu za barabarani.

Wako akupendaye siku zote,

Mwanao wa upande wa kaka,
yule unayemwita Profesa.