Fundo la Mzee Gahungu

Dar es Salaam, 2 Aprili 2023

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo, na kifua cha Mama kimetulia. Mimi mzima, ila joto la huku litaniyeyusha.

Uliniuliza hii shahada ya uzamivu ya hisabati nasomea nini hasa. Wenzangu wana hesabu zinazoeleweka: mmoja anakokotoa kipindupindu kinavyosambaa, mwingine mikondo ya ziwa letu. Mimi nimechagua mafundo. Ndiyo, mafundo! Funga kamba fundo, kisha unganisha ncha zake mbili. Je, litafunguka bila kukata kamba? Mengine hufunguka, mengine kamwe. Nimepata kundi zima la mafundo yasiyofunguka, na uthibitisho nimeuandika. Mwezi ujao nausoma kwenye kongamano. Nisalimie wote hapo mwaloni, kwenye mitumbwi na nyavu.

Mwanao,
Yunisi

Kibirizi, 6 Mei 2023

Binti yangu Yunisi,

Marahaba. Sisi wazima. Kifua cha Mama yako kimepoa na sauti imerudi, kwa hiyo mimi sina raha.

Barua yako nimeisoma mwaloni kwa sauti, kama kawaida yangu: nafungua bahasha, naanza na neno la kwanza, sichungulii mbele. Ni mbalamwezi, dagaa hawavuliki, mitumbwi imepumzika, tumekaa wote tunashona nyavu. Nilipofika kwenye mafundo wakaacha kazi. Kumbe haya mambo yetu yanasomewa chuo kikuu! Mzee Gahungu akafunga lake la mizunguko mingi, akaunganisha ncha za nailoni kwa moto, likapita mikono yote. Halikufunguka. Akauliza, "Ego, ndiyo, limetushinda. Lakini tutajuaje kama halifunguki, au ni sisi hatujajaribu vya kutosha?"

Nikamjibu kwamba binti yangu anajua. Nilijisikia mkubwa, Yunisi. Nimetangaza hadi kanisani, na kesho tunachinja mbuzi.

Baba yako,
Selestini

Dar es Salaam, 18 Juni 2023

Mpendwa Baba,

Shikamoo, na poleni na kazi. Siumwi, ila usingizi umenikimbia.

Kongamano lilikwenda vizuri, hata maprofesa walinipigia makofi. Baadaye nikakaa kusafisha maandishi yangu, nikaona hatua moja niliyoichukulia kuwa kweli bila kuionyesha. Nikajaribu kuionyesha, ikanishinda. Bila hiyo, uthibitisho wote unaanguka. Hakuna mwingine aliyekuwa ameliona kosa hilo. Nikaenda kwa msimamizi wangu, Dokta Esther, nikamwambia, kisha nikawaandikia wote waliokuwa kwenye kongamano.

Dokta anasema naweza kuhamia kwenye mikondo ya ziwa na kumaliza mapema. Nadhani mafundo nitayaacha. Naona aibu, Baba, na zaidi nakuonea aibu wewe na yule mbuzi. Tafadhali, barua hii usiisome mwaloni.

Mwanao,
Yunisi

Kibirizi, 4 Julai 2023

Binti yangu,

Marahaba. Sisi wazima, Mama yako anakusalimu na anasema ule.

Sasa mwanangu, onyo gani linawekwa mwisho wa barua? Nilipolifikia, mwalo mzima ulikuwa umeshasikia.

Sikujua niangalie wapi. Halafu Mzee Gahungu akasema, "Soma tena pale. Nani aliyeona kosa?" Nikasoma: wewe mwenyewe. "Na walikuwa wameshapiga makofi?" Nikasema ndiyo. Akacheka, akasema, "Mimi ningenyamaza." Wakaanza kukiri mmoja mmoja kwamba nao wangenyamaza. Hata mimi baba yako ningenyamaza, Yunisi. Yale makofi yalinifurahisha, lakini hili limenitoa machozi mbele za watu, na sikuyafuta.

Mikondo ya ziwa ni kazi njema. Ukiipenda, ifanye. Ila usiache mafundo kwa ajili yangu. Mbuzi tumeshamla, alikuwa mtamu, hakuna anayemdai. Mzee Gahungu amekupa lile fundo lake, limo humu kwenye bahasha.

Baba yako anayejivuna,
Selestini

Dar es Salaam, 9 Machi 2025

Mpendwa Baba,

Safari hii naandika juu kabisa: isome mwaloni, kwa sauti.

Shikamoo, na shikamooni wazee wote hapo. Mama mwambie nakula. Najua nimekaa kimya kuliko mtoto mwenye adabu, lakini sikutaka kuandika tena kabla ya kuwa na hakika.

Sikuyaacha mafundo. Ile hatua ilikataa katakata, nikatafuta njia nyingine. Kundi langu limepungua, si mafundo yote niliyodai mwanzoni, ila haya yaliyobaki yamesimama. Wamenikagua watu wa ndani na nje ya nchi, nami nimejikagua kuliko wao. Alhamisi nilisimama mbele ya jopo, wakaniuliza maswali hadi koo likakauka, mwisho wakanipa mkono na kuniita Dokta. Nililia, Baba. Nami sikuyafuta.

Nilianza kwa kuwaonyesha fundo la nailoni kutoka Kibirizi. Limo kwenye kundi langu, katika yale yaliyobaki. Mzee Gahungu, uliuliza tutajuaje. Sasa najua. Funga jingine kama lile, jaribu wewe, wajaribu na wajukuu zako: halifunguki.

Mwanao,
Dokta Yunisi Selestini