Senti ya Babu na Ukwaju wa Mama

Maskati, Jumatano, Agosti 1968

Joto la leo halina huruma. Sina hamu ya kula wala ya kuzungumza na mtu. Nnaandika kwa sababu nikinyamaza nitapasuka.

Mdogo wangu Zuhura yuko Unguja peke yake, mwaka wa nne huu tangu sisi tuondoke baada ya mapinduzi. Mzungu mmoja wa kazi za mafuta, mkusanyaji sarafu kama nilivyokuwa mimi kwetu, aliniahidi kwamba nikimpa senti ya babu, atamdhamini Zuhura apate ruhusa ya kuingia huku. Nilimwandikia, naye keshafunga mizigo, anangoja.

Senti yenyewe ni ya Kimarekani, shaba tupu, ya zile za mwanzo kabisa. Babu, baba yake Mama, aliipata kwa baharia wa merikebu zilizokuwa zikileta nguo za merikani. Sarafu zangu nyingine zote zilipotea na nyumba. Hii ilipona kwa kuwa Mama aliificha shavuni tulipopekuliwa bandarini. Walimvua bangili zake za dhahabu, naye hakufungua mdomo.

Kwa wakusanyaji, sarafu ya shaba ya zamani haisuguliwi. Ule weusi wake ndio thamani yake. Mama sikumwambia, wala haikunijia kwamba yafaa aambiwe.

Kwetu shaba haitolewi mbele ya mgeni ikiwa nyeusi, ni aibu ya nyumba. Basi asubuhi, alipokuwa akisugua birika la kahawa kwa ukwaju na jivu, na senti pia akaisugua.

Alasiri Mzungu kaja. Mama akaileta juu ya kisahani, pembeni ya halua, inang'aa, na yeye mwenyewe kafurahi. Nikaichukua, nikaitazama kwa kioo cha kukuzia.

Ilikuwa na vipele.

Vidogo vidogo, kama vya joto, vimeizunguka tarehe. Ukwaju haufanyi vile. Vipele hivyo hutoka pale muhuri wa kugongea sarafu unapotupwa ukashika kutu na kuchimbika vishimo, kisha miaka mingi baadaye mtu akaufufua, akagonga nyingine za kuwauzia wanaozitamani za asili. Weusi ulikuwa umevificha siku zote. Babu aliuziwa nakala. Mzungu naye aliviona. Akanipa pole, akaondoka, kahawa yake hakuimaliza.

Mama akadhani ni yeye. Alikaa chini akijipiga mapaja, akisema kamfungia mwanawe mlango kwa mikono yake. Sikustahimili. Nikamwambia kweli, nikidhani nnamtua mzigo: si yeye, senti ilikuwa hivyo kabla babu hajaishika.

Akaacha kulia. Hilo likanitisha zaidi.

"Basi siku ile bandarini nilificha nini?" akaniuliza.

Nikakiondoa kisahani cha halua mbele yake.

Baada ya magharibi akaniita. Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu aliyekwisha kuamua.

"Mwandikie mdogo wako kuwa mimi niliisugua ikaharibika. Babu yenu usimtaje."

Nikamwambia Zuhura atamkasirikia, na pengine hatamsamehe.

"Na anikasirikie. Mimi nipo, nitamwomba radhi. Babu yenu hayupo ajitetee."

Nimemkubalia, Mungu anisamehe. Kesho nitamwandikia Zuhura afungue mizigo yake, na kwamba mkosa ni mama yake.