Tundu Aliloacha Baba

Alhamisi, jioni. Ukungu umekaa juu ya Njombe tangu asubuhi na mvua inakuja kwa vipindi. Mikono yangu inanuka saruji. Naandika kwa sababu nikiendelea kunyamaza nitaoza kama zile mbegu za viazi za Mama.

Nyumba yetu iko kwenye mteremko. Ukiitazama kutoka barabarani ni nyumba ya kawaida, ila ukizunguka nyuma unakuta chumba kingine chini yake, ambacho Baba alikichimba ndani ya kilima. Hakusomea ufundi, aliujua kwa kutazama wengine. Mama huweka humo mbegu za viazi. Mwaka jana niliporudi na shahada yangu ya fizikia, bila kazi, nilikiomba kiwe changu; nikapewa, mbegu zikabaki pembeni. Nilitaka mlango wa kufunga.

Chini kabisa ya ukuta wa kilimani palikuwa na tundu la kuingia ngumi, na mfereji mwembamba sakafuni ulioanzia hapo hadi nje. Tangu kiangazi kianze halikutoka tone. Walitoka panya. Mwezi wa saba ikatoka baridi, hii ya kwetu, inayokufuata hadi ndani ya blanketi. Nikasema moyoni, Baba alisahau kumalizia. Nikashindilia magunzi, nikapaka saruji, nikaufukia na mfereji. Sikumwambia mtu.

Nilijisifu.

Mvua za mwezi wa tatu zilipokolea, maji yakapanda kutoka chini. Mbegu zote zikaoza. Mama akamwita Fundi Salehe kutoka Makambako, mtu mzima, mpole, mzaliwa wa Kigoma. Alibandua lipu yote, akapiga upya, akamwaga sakafu nyingine. Haikupita wiki mbili, ukuta ukavimba na lipu ikaanza kudondoka.

"Umekula saruji yangu," Mama alimwambia. "Huu mchanga mtupu. Hata kuku anauchakura."

"Mama, mifuko si ilifunguliwa mbele yako?"

"Ilifunguliwa mbele yangu. Ilikochanganywa sikuwepo."

Mama aliyasema hayo hadi kwa kina mama wenzake wa kanisani. Mmoja wao alikuwa amwite fundi huyo amjengee jiko, ameghairi. Na Baba, aliye kaburini, naye hakupona ulimi wake: "Marehemu alinijengea kisima, nikadhani ni nyumba." Watu wawili wamehukumiwa kwa kosa langu, na mmoja wao hawezi hata kujibu. Mimi nilikuwa pale pale, nakunywa chai.

Leo Fundi amerudi kurekebisha kwa nguvu zake mwenyewe, kuokoa jina. Mchana alipiga magoti kwenye kona, akaweka kiganja ukutani, akakitoa kimelowa.

"Binti, kilima hiki kina maji. Aliyejenga hakuacha pa kutokea?"

"Sijui, Fundi."

Nilimjibu nikimtazama machoni.

Akasema basi kesho atapiga lipu yenye dawa ya kuzuia maji, ukuta mzima, asiache hata ufa. Akanawa, akaenda stendi. Nikabaki na hesabu ninazozijua vizuri kuliko wote nyumbani humu: maji yenye kilima mgongoni hayazuiliki. Yakikosa njia yatachukua ukuta. Na Mama analala juu ya ukuta huo.

Saa kumi nilichukua tindo na nyundo ya Baba.

"We! Unavunja nini tena huko?" Mama aliita kutoka juu.

Niligonga hadi magunzi yakatoka, meusi, laini kama uji. Maji yakafuata, kwanza tope, kisha meupe, baridi sana, yakatafuta mlango yenyewe.

Nilipogeuka Mama alikuwa amesimama mlangoni. Aliyatazama magunzi.

"Nani aliweka?"

"Mimi, Mama. Kwa ajili ya baridi."

Alivua kandambili, akainama, akatia mkono ndani ya maji kama anayepima ya kumwogesha mtoto. "Kwa hiyo marehemu alijua," alisema. Sauti hiyo sijawahi kuisikia kwake tangu msiba. Kisha, bila kunitazama: "Fundi utamwambia wewe. Na wale kina mama utawaambia wewe, Jumapili, nikiwepo."

Akapanda ngazi. Ugali amepika wa mtu mmoja.

Nimempigia Fundi mara tatu, hapatikani. Pengine ni afadhali, maana jambo hili si la kusemwa kwenye simu. Kesho anakuja na gari la kwanza kutoka Makambako. Nitakuwa stendi kabla yake, na nitalisema pale pale anaposhuka na ndoo yake, watu wakisikia. Atauliza niliwezaje kumtazama machoni. Jibu nimelitafuta jioni nzima.

Huku chini maji bado yanatoka. Nimeacha mlango wazi.