Bolti ya Sita ya Masanja

Jumatatu, 4 Novemba 1996

Mgongo tena. Nimefungua karakana saa mbili na nusu. Pancha mbili, mnyororo mmoja, breki za baiskeli ya mwalimu. Mchana kaja Nesi Daforoza na pikipiki ya chanjo. Inagonga nyuma. Nimeinama kuangalia: bolti ya chini ya shokapu imelika katikati, imebaki kama mfupa uliotafunwa. Nati inazunguka kwa vidole. Sijui alitokaje Kasokola salama.

Madukani hapa Mpanda haipo. Nimeagiza Tabora, ije kwa treni. Yeye hawezi kungoja. Kesho anakwenda Mishamo wiki nzima, akina mama wameshatangaziwa kanisani. Ndiko alikokulia, wazazi wake walikimbia Burundi wakapewa shamba huko. Hataki akina mama hao wamkose.

Nikaingiza mkono kwenye kopo la bolti kuukuu. Ya kwanza nene. Ya pili fupi. Ya tatu ikaingia vizuri kabisa. Bolti yoyote ya kubeba uzito huwa naikwaruza kwanza kwa tupa. Tupa ikiteleza, chuma kigumu, nafunga. Ikimega, chuma laini, naweka kando. Miaka ishirini nafanya hivyo. Leo sikufanya. Jua, mgongo, na mwalimu amesimama anangoja baiskeli yake. Nimefunga. Nimemwambia aende pole pole, Jumatatu arudi nimwekee ya kweli. Kaitikia, "Sawa, baba," ameshavaa kofia.

Jumatano, 6 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana. Treni imekuja bila mzigo wangu. Wanasema labda Jumapili. Nimechoka na neno labda. Nimelala mchana kwenye benchi kama mgonjwa.

Ijumaa, 8 Novemba

Kaja Masanja, yule Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake mwaka juzi. Kafuata bolti za plau. Nilimchongea sita mwezi uliopita. Analima shamba jipya, visiki tele, kwa hiyo anazitaka laini makusudi. Plau ikigonga kisiki, bolti ikatike, plau ipone na ng'ombe wapone. Siku ile alinisisitizia: "Fundi, usinipe ngumu. Ngumu itanivunjia ng'ombe shingo." Nikamtengenezea chuma laini kuliko vyote nilivyokuwa navyo. Nikazitumbukiza kwenye kopo lile lile la bolti kuukuu zimngoje.

Leo nimetoa tano. Nimemwaga kopo lote chini. Tano. Masanja kachuchumaa kunisaidia kutafuta, nami nimeshajua ya sita iko wapi. Iko chini ya Daforoza.

Nimemwambia arudi wiki ijayo. Zile tano kaniachia.

Redio ya hospitali huongea na zahanati ya Mishamo kila siku saa kumi. Muda nilikuwa nao. Nimevaa shati safi, nimefika hadi getini. Pale redioni hawakosekani watu, na bwana wa magari hukaa papo hapo, yeye ndiye huniletea pikipiki zote za serikali. Niseme nini mbele yao? Kwamba nimemfungia nesi bolti iliyochongwa ili ikatike? Nimesimama getini. Nimerudi nyumbani. Naandika kama ilivyo: niliona aibu, nikarudi.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimemwambia mke wangu wakati wa uji. Hakupandisha sauti. Kaniuliza tu, "Angekuwa binti yetu Leokadia, ungeishia getini?" Uji nimeuacha.

Saa kumi nimekwenda. Nimeomba wapeleke ujumbe: Nesi Daforoza asipande tena pikipiki. Sikusema kwa nini. Bwana wa magari kauliza, nikasema nataka kuikagua. Kazi bure. Mvua, redio inakoroma tu, Mishamo hawashiki. Wamejaribu mara nne.

Jumapili, 10 Novemba

Sikwenda kanisani. Treni imekuja, mzigo haumo.

Pikipiki yangu ni ya aina moja na ya Daforoza. Nimeiegesha juu ya tofali na kuing'oa bolti ya shokapu. Safari hii nimeiangalia kama bibi harusi. Kichwani ina namba, nane nukta nane, alama ya chuma kigumu; ya plau haina kitu. Tupa imeteleza. Nimeibingirisha juu ya kioo, haijapinda. Sehemu isiyo na meno inatosha kujaza bushi, kibomba inamopita bolti, kwa maana meno yakikaa ndani ya bushi bolti hujikata yenyewe taratibu. Nati nimechukua mpya, yenye pete ya plastiki ndani. Ya zamani ikishafunguliwa haiaminiki tena.

Nusu saa tu. Nimehesabu mara mbili. Jumatatu ile nilishindwa kutoa nusu saa.

Pikipiki yangu imebaki imekaa kitako kwenye tofali.

Jumatatu, 11 Novemba

Lori la mahindi la Mishamo, linarudi tupu. Nimepanda nyuma na spana zangu ndani ya gunia. Tumekwama mara tatu. Tumesukuma, tumekata matawi, tumesukuma tena. Kila kona nachungulia kando ya barabara. Nimechungulia hadi shingo imekauka. Sijaona kitu, na kutoona hakukunipa raha yoyote. Tumelala njiani kwa mzee mmoja, katupa ugali wa muhogo na maharage. Nimekula kwa adabu tu.

Jumanne, 12 Novemba

Yupo hai. Naliandika hilo kwanza.

Mkono wa kulia umevunjika, juu kidogo ya kiganja. Uso umechubuka upande mmoja. Yuko kwa mama yake, amekaa mkekani, mkono umefungwa vijiti na kitambaa. Alianguka Jumamosi asubuhi akishuka mtoni. Gurudumu la nyuma lilikwenda upande, basi. Sanduku la chanjo lilipasuka, barafu ikamwagika, dawa zote zimeharibika. Akina mama walingoja hadi jioni, wakarudi na watoto wao.

Jumamosi asubuhi. Ijumaa saa kumi nilikuwa getini. Sitaki kuandika zaidi leo.

Jumatano, 13 Novemba

Nimeikagua pikipiki. Bolti imekatika katikati, pamekatika pakali na peupe. Masanja angefurahi. Nimefunga ile yangu, nimeweka nati mpya, nimeipanda hadi mtoni na kurudi. Haigongi.

Nilipoingia ndani Daforoza kaanza kuniomba radhi. Yeye ndiye ananiomba mimi. Anasema nilimwambia aende pole pole, naye alikuwa amechelewa, akakimbiza. Kisha kanipa karatasi na kalamu. Anatakiwa kupeleka taarifa kwa bwana wa magari na mkono wake hauandiki. "Baba, wewe una mwandiko mzuri. Andika, mimi niliendesha kwa kasi, nikaanguka."

Nimeandika tarehe. Nimeandika jina lake. Nimeandika "niliendesha". Hapo nikaweka kalamu chini. Mama yake alikuwa anachambua maharage, naye akaacha. Ilikuwa rahisi sana. Maneno matatu tu yalibaki na hakuna ambaye angejua, hata yeye mwenyewe.

Nikatoa vipande viwili vya bolti mfukoni, nikaviweka mkekani, nikamwambia vyote. Kopo, tupa, Masanja, geti. Geti ndilo lilinishinda, nililirudia mara mbili ndipo likatoka. Alivichukua vile vipande kwa mkono wa kushoto, akaviunganisha. Hakulia. Hakunitukana, ingawa ningependa anitukane. Mwishowe kasema, "Basi andika hayo."

Nimechukua karatasi nyingine. Nimeanza na jina langu.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimerudi tangu Ijumaa. Barua nilimpa bwana wa magari mkononi. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akasema nisingoje pikipiki za serikali tena. Nilisema sawa. Nilitoka kwa geti lile lile.

Mzigo wa Tabora umefika leo. Bolti nne, namba kichwani. Hazina wa kufungiwa isipokuwa mimi. Nimefunga moja kwenye yangu na kuishusha toka kwenye tofali. Tatu nimempelekea bwana wa magari ziwe akiba, hata kama atakayezifunga ni fundi mwingine. Kazipokea.

Mchana nimemwaga kopo. Kila bolti nimeipitishia tupa, moja moja. Ngumu zimebaki. Laini nimeziweka kwenye mkebe wa majani ya chai.

Kisha nimemchongea Masanja ya sita. Laini, kama anavyotaka. Zote sita nimezipaka rangi nyekundu kichwani. Jioni kazifuata. Kauliza rangi ya nini. Nikamwambia ni ili mimi nizijue. Kaniambia tayari kaanza kulima upande wa bondeni, udongo mzuri, visiki vichache.