Friji Zima

Al Khuwair, Maskati
Jumanne, 14 Oktoba 2025

Mdogo wangu Ruqaya,

Assalamu alaikum. Hamjambo huko Mbweni? Goti la shemeji Sleiman lipoje, na wanafunzi wako wameshamaliza mitihani? Sisi hapa na Mama salama, alhamdulillah, ila roho yangu haikai.

Unalijua lile ghala la vyakula vya hoteli ninalolisimamia Rusayl. Jumapili asubuhi tumefungua friji namba tatu, lile kubwa kama chumba cha kulala, harufu ikatutoa mbio. Jibini, maziwa, siagi, vyote vimeharibika. Limezimwa tangu Alhamisi. Aliyelizima ni Nahashon, yule Mkenya mkimya, miaka minne hajawahi kukosea. Nikamuuliza mbele ya wenzake: "Nani kakwambia uzime?" Akanitazama, akatazama chini. Nikauliza tena kwa ukali. Akaanza kutoa maboksi yaliyooza.

Meneja wetu, Hisham, anataka ripoti Jumapili, na iwe na jina. Jina likishaandikwa, mwenyewe anafutiwa viza na kurudishwa kwao. Nimeiandika mara tatu, nafuta. Nakaa, nasimama, chai inapoa. Mtu mwenye akili zake anazimaje friji lililojaa mali? Na Jumatano nilimwandikia kwenye simu, Kiswahili safi kabisa: "Kesho safisha friji zima kabla hujaondoka." Maana wana tabia ya kufuta rafu za mbele tu. Kipi hapo hakikueleweka?

Dada yako,
Mahfoudha

*

Mbweni, Unguja
Jumatano, 15 Oktoba 2025

Dada yangu mpenzi,

Wa alaikumu salaam. Goti la Sleiman linamwuma pale tu ninapomtuma sokoni. Sisi wengine hatujambo. Wewe ndiye unayenitia wasiwasi.

Nimeusoma ujumbe wako nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Hebu usome kama mtu asiyekulia nyumbani kwetu. Safisha friji. Zima. Kabla hujaondoka. Sisi tumezoea kusema friji langu, friji limejaa, kwa hiyo lote ni friji zima, kama embe zima. Wenzetu wa bara wanasema friji yangu, friji imejaa, na yote kwao ni friji nzima. Nahashon hakuiona ile n. Alichokiona ni amri ya kuzima, akaitii.

Kabla hujaandika jina lake, andika hilo. Lakini kuna jambo linanisumbua kuliko herufi. Kwa nini hakukuuliza? Agizo la ajabu vile, mtu yeyote angekuja kuhakikisha. Kwa nini yeye hakuja?

Mdogo wako,
Ruqaya

*

Al Khuwair
Alhamisi, 16 Oktoba 2025

Ruqaya,

Salamu, na natumai mko salama. Umenijibu kama unayesahihisha daftari.

Nina watu ishirini na wawili, kila mmoja na lugha yake, na malori hayangoji sarufi. Mlango wangu uko wazi kutwa. Asiyeuliza kataka mwenyewe. Halafu unajua unachoniambia nifanye? Nikisema kosa ni ujumbe wangu, Hisham atanivua usimamizi niliousubiri miaka tisa. Ana binamu yake, Aflah, anakitazama kiti hiki tangu mwaka jana. Naomba usiniandikie tena habari ya n.

Dada yako,
Mahfoudha

*

Mbweni
Jumatatu, 20 Oktoba 2025

Dada,

Assalamu alaikum. Umeamkaje? Jana ilikuwa Jumapili. Uliandika jina gani?

Mdogo wako,
Ruqaya

*

Mbweni
Jumanne, 28 Oktoba 2025

Dada,

Simu hupokei, na Mama ananiambia huli. Nimeogopa. Hata kama umefanya nisilolipenda, niandikie. Wewe ni dada yangu kabla hujawa msimamizi wa mtu.

Mdogo wako,
Ruqaya

*

Al Khuwair
Jumapili, 9 Novemba 2025

Mdogo wangu,

Assalamu alaikum, na unisamehe kwa kimya changu. Mama hajambo. Mimi nimeanza kula.

Niliandika jina lake. Jumapili ile niliipeleka ripoti, na ujumbe wangu sikuutaja. Nahashon akasimamishwa kazi, akawa anangoja tiketi. Nilidhani nitatulia, nikazidi kuhangaika. Nikisikia mlango unafunguliwa nashtuka. Swali lako ndilo lililonifuata, lile la kwa nini hakuja.

Siku ya kumi baada ya ripoti nikaendesha gari mpaka Wadi Kabir, kwenye chumba anachokaa na wenzake watano. Akanipa kiti, yeye akakaa kitandani. Nikamwambia, "Nahashon, nna swali moja tu. Kwa nini hukuniuliza?"

Akasema, "Madam, nilikuja. Nilisimama kwa mlango wako. Halafu nikakumbuka ile siku ya Februari nilikuuliza susu ni nini, kumbe ni kitu tu cha kuning'inizia vyakula. Ukacheka mbele ya watu wote, ukasema sisi wa bara Kiswahili tulijifunzia wapi. Wakaanza kuniita Profesa. Mpaka leo wananiita hivyo. Nikaona afadhali nifanye tu venye umeandika. Nikafikiria labda mafundi wa stima wanakuja Ijumaa."

Ruqaya, mimi siku hiyo siikumbuki hata kidogo. Nimejitahidi njia yote ya kurudi, na mpaka sasa siikumbuki.

Kesho yake nikaingia kwa Hisham na simu yangu mkononi, nikamwonyesha ujumbe, nikamwambia ripoti yangu ni ya uongo. Tiketi ikafutwa zikiwa zimebaki siku mbili. Kiti kakikalia Aflah, mimi nimepelekwa kwenye makaratasi ya kupokea mizigo. Niliomba jambo moja: kila anayepewa agizo alirudie kwa maneno yake kabla hajaenda kulifanya. Aflah kakubali shingo upande, na wiki hii hakuna mzigo hata mmoja uliokwenda siko.

Siku Nahashon aliporudi nilimwomba radhi mbele ya wote. Akanijibu, "Sawa, madam," akachukua glavu zake.

Sasa niambie, wewe unayefundisha. Sawa yake ina maana amenisamehe, au amenisikia tu? Kila asubuhi ananiamkia, naitaka nafasi ya kumuuliza, naipata, na ninaogopa.

Dada yako,
Mahfoudha