Jina Nitakalomtajia Padri

Mama,

Mtoto uliyetuachia ni mzima. Ana nywele zako na hasira zako. Chupa ikichelewa, jengo zima linajua. Mama mdogo siku hizi analala upande wako wa kitanda. Mimi nimehamia sakafuni.

Elisha Barasa ndiye aliyeongoza kwaya kwenye misa yako ya mazishi. Mkewe alikaa mbele. Naye Elisha, baba wa mtoto wako, akanishika mkono: "Pole, binti. Ni mapenzi ya Mungu." Nilitaka kumtemea mate. Lakini unanijua, nikasema, "Asante, uncle." Kisha akamvuta mama mdogo kando: "Mpeni jina zuri la Biblia, yaishe. Khalas." Hakuuliza hata kama mtoto anakula.

Shuleni tunasoma historia ya kijiji kimoja cha mashambani Uingereza kupitia vitabu vya ubatizo vya parokia. Najua ungecheka: "Wewe utaolewa na maktaba." Lakini sikiliza. Kulikuwa na msichana aliyekamua ng'ombe wa tajiri wa pale. Alipozaa, kasisi aliacha wazi mahali pa jina la baba. Ila mtoto alibatizwa kwa majina yote mawili ya yule tajiri. Mwalimu alisema wanawake wengi walifanya hivyo. Kasisi aliuliza jina mbele ya watu, mama akalitaja, na lililotajwa likaandikwa. Wenzangu waliendelea kunakili. Mimi niliweka kalamu chini.

Ubatizo ni Jumamosi. Padri amesema mimi, dada mtu, nitajibu badala yako. Mama mdogo ananisihi, "Yohana tu, mwanangu. Usituanike." Nimemwambia sawa. Nimemdanganya.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiniagizia chai ya karak, ile nzito ya maziwa na iliki, kwa sababu sauti yangu haikufika kwa muuzaji? "Huyu wangu anaongea na karatasi," ulimwambia. Sasa najizoeza bafuni, bomba likiwa wazi, mpaka nisikike juu ya maji: Yohana Elisha Barasa. Kwani Elisha halimo kwenye Biblia?

Kwaya husimama karibu na birika la ubatizo. Elisha atalisikia. Mkewe atalisikia. Halafu itabidi yeye, kiongozi wa kwaya, ainue mkono aanzishe wimbo, na mimi nitakuwa nautazama mkono huo.

Pumzika, Mama. Usiniombe nimsamehe, siwezi. Mtoto nitamlea, na hatakua akiuliza yeye ni wa nani. Na Jumamosi, nakuahidi, sitanong'ona.

Binti yako,
Nafula