Aproni ya Baba Ndani ya Kabati la Kioo

Fife, Scotland
12 Septemba

Kwako Innes, ndugu yangu uliyejificha Kanada,

Mimi mzima. Kabichi zangu zimeshinda tena maonyesho, wenzangu wamenuna. Mwandiko uvumilie, shule uliimaliza wewe.

Jumanne niliingia makumbusho ya Frimasoni, kile chama cha Baba. Bikari, nyundo, fuvu la kuapia, hayo yote Baba alinisimulia. Mara nikaiona aproni yake ya kuvaa chamani kwenye kabati la kioo! Nimeijua kwa kile kiraka cha Mama cha uzi wa bluu.

Nikamwita msichana wa zamu. "Binti, hii ni ya Baba yangu, ilizikwa pamoja naye!"

"Babu, usinigongee kioo. Kadi inasema imeletwa na mwanawe, Innes Geddes."

"Frimasoni huzikwa na aproni yake!"

"Basi mgombeze nduguyo, mimi nimekukosea nini?"

Haya, nakugombeza, mwongo mkubwa we! Mimi nililazwa, mguu umepondwa mgodini, nikashindwa kuja kumzika. Ukaniapia kwamba umemwekea aproni kwa mikono yako. Miaka thelathini nimewatambia watu kwamba Baba yangu alizikwa kama inavyotakiwa.

Wanasema hawaitoi bila aliyeileta kuja kutia sahihi. Kwa hiyo njoo. Ruhusa ya kufukua nitaitafuta mimi, na nitachimba mwenyewe mpaka kwenye jeneza. Nina miaka themanini na moja na koleo halijanishinda. Lakini aproni utaiweka wewe, mimi nimesimama nakutazama.

Kaka yako, asiyekupa salamu leo,
Murdo